Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wapo wanaodhani kwamba kuhifadhi urithi na kuleta maendeleo ni mambo yasiyokaa nyumba moja. Yaliyotokea katika milima ya Himalaya, nchini Nepal, yanaonyesha vingine, nasi twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu pamoja na wakuu wa Serikali.

Katika miaka ya 1970, ilipoanzishwa hifadhi ya Rara, wanavijiji waliokaa karibu na ziwa walihamishwa, wakapelekwa nyanda za chini. Msitu ulipata ulinzi, lakini mila za mahali pale zilibaki bila wenyewe.

Mwaka 1986 ilishikwa njia nyingine. Hifadhi ya Annapurna, ambayo leo ina eneo la kilomita za mraba 7,629, ilianzia kijiji cha Ghandruk, makao ya Wagurung, na watu waliachwa majumbani mwao. Ada za wageni zilitengwa kwa uhifadhi na maendeleo ya eneo lenyewe, na kamati za wanavijiji zikapewa sauti juu ya misitu. Nyumba za wageni zilihimizwa kupikia mafuta ya taa ili kuni zipungue. Kina mama nao waliunda vikundi. Huwachezea wageni ngoma za kwao, na fedha wanazotunzwa husaidia kutengeneza njia na shule. Hivyo ngoma ya mababu imekuwa na faida inayoonekana, na vijana wana sababu ya kujifunza.

Hatusemi kwamba mambo yote yamenyooka. Barabara ya magari ilipopanda bonde la Kali Gandaki katika miaka ya 2000, wakulima wa matofaa wa Marpha walipata njia ya kufikia soko, na wagonjwa njia ya kufikia hospitali. Lakini wenye nyumba za wageni njiani walipoteza wateja, kwa kuwa watembeao kwa miguu hukimbia vumbi. Hakuna mwenye haki ya kuwanyima watu barabara. Ila ni wajibu kuwashauri kabla ya kuichimba.

Sisi wa visiwani pia twaishi na wageni. Kwa hiyo twawaomba wakuu wetu, kila panapotangazwa hifadhi au hoteli mpya, waulize mambo mawili: mwenyeji atapata fungu gani, na ameshirikishwa katika uamuzi? Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.