Violezo vya kompyuta pepe: Kitalu kinachookoa mifumo ya ofisi

MKULIMA wa chai anayefungua shamba jipya Lupembe, mkoani Njombe, halazimiki kuanza na mbegu. Huweza kuchukua kitaluni miche iliyooteshwa kutokana na vipande vya matawi ya mmea mama mmoja, ambao mazao yake na uvumilivu wake wa baridi vinafahamika.

Wataalamu wa kompyuta nao wana kitalu cha namna hiyo. Wao hukiita kiolezo cha kompyuta pepe.

Kompyuta pepe haina umbo la kushikika. Ni programu inayoishi ndani ya seva halisi, ikigawiwa sehemu ya kumbukumbu, diski na prosesa. Seva moja yaweza kubeba kumi au zaidi, na kila moja ikajiona iko peke yake. Wazo hilo si geni: kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, na VMware ikalifikisha katika kompyuta za kawaida mwaka 1999.

Umuhimu wake huonekana siku ya balaa. Chukulia kuwa hospitali fulani inaendesha mfumo wa kuandikisha wagonjwa, dawa na malipo katika seva iliyoko hapo hapo, kisha radi ikapiga na seva ikaungua. Fundi atoke Dar es Salaam, ashuke Makambako, atafute usafiri wa kupanda milimani, ndipo aanze kufunga programu moja baada ya nyingine. Wakati huo wagonjwa wanaandikwa kwenye daftari.

Kama kiolezo kipo katika diski ya akiba, mtumishi wa Tehama aliyepo anakinakili katika seva nyingine, na mfumo unasimama kwa muda mfupi.

Aidha, Mkoa wa Njombe una halmashauri sita. Mfumo mmoja ukifungwa kwa mkono mara sita, hupatikana mifumo sita inayotofautiana, na kila hitilafu hutafutiwa dawa yake.

Kutengeneza kiolezo huanza kwa kufunga kompyuta pepe moja kwa uangalifu: mfumo endeshi, marekebisho yote ya usalama, kisha programu zinazohitajika na si zaidi. Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, nayo ni kuifuta utambulisho wake. Jina la kompyuta, anwani ya mtandao, namba yake ya pekee, kumbukumbu za matukio na funguo za siri vyote huondolewa. Kwa Windows kazi hiyo hufanywa na Sysprep. Kwa Linux, programu ya cloud-init huipa kila nakala jina na funguo mpya inapowashwa mara ya kwanza.

Uzembe hapo una gharama. Mwaka 2013 kampuni ya DigitalOcean ya Marekani ilitangaza kuwa baadhi ya seva za wateja wake, zilizozaliwa kutokana na kiolezo kimoja, zilikuwa na funguo za utambulisho zinazofanana. Mwenye seva moja angeweza kujifanya nyingine. Ndivyo ilivyo kwa chai pia: mmea mama ukiwa na ugonjwa, kitalu kizima huambukizwa.

Taarifa za wagonjwa nazo hazipaswi kubaki ndani ya kiolezo hata kwa majaribio, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hata hivyo, kiolezo huzeeka. Kilichotengenezwa mwaka jana hakina marekebisho ya mwaka huu. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawahifadhi tu diski iliyokamilika, bali huandika maelekezo yake katika faili, na programu kama Packer, iliyotoka mwaka 2013, hukijenga upya kila mwezi bila mkono wa mtu.

Faili hizo zina faida nyingine. Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, watumiaji wengi walianza kutazama mifumo huria kama Proxmox. Mwenye maelekezo yaliyoandikwa huhama kwa urahisi kuliko mwenye diski tupu.

Kiolezo hurudisha mfumo tu. Majina ya wagonjwa, madeni na akiba ya dawa huhitaji nakala rudufu ya kila siku, inayotunzwa katika jengo jingine.