Matengenezo ya mfumo wa maji wa nyumbani (Dar es Salaam)

Matengenezo ya mfumo wa maji wa nyumbani ni kazi ya kukagua, kusafisha na kurekebisha mabomba, matangi, koki na hita zinazofikisha maji kwa watumiaji ndani ya nyumba. Katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Bunju na Tegeta katika Wilaya ya Kinondoni au Mbagala na Chamazi katika Wilaya ya Temeke, maji ya bomba hayatoki muda wote, hivyo nyumba nyingi zina tangi la akiba. Tangi hilo hugawa mfumo katika sehemu mbili, na hatua ya kwanza ya kutafuta hitilafu ni kujua iko sehemu ipi.

Chanzo cha maji

Maji ya bomba husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA). Sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini iliyoko mkoani Pwani. Ukame wa mwaka 2022 ulipopunguza maji ya mto huo, jiji lilipata maji kwa mgawo. Watu wengi hutumia pia visima, hasa upande wa Temeke. Baadhi ya visima hutoa maji ya chumvi, ambayo hula vyuma na kuacha ukoko mgumu ndani ya hita na vichwa vya shawa.

Sehemu mbili za mfumo

Sehemu ya kwanza huanzia kwenye mita hadi tangini. Hapa maji husukumwa na mtandao wa mabomba wa mamlaka au na pampu. Sehemu ya pili huanzia tangini hadi kwenye koki, na maji hushuka kwa uzito wake yenyewe. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa takriban baa 1, hivyo tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3 tu. Ndiyo sababu shawa ya nyumba yenye mnara mfupi hutiririka kidogo hata kama mabomba hayana kasoro. Kwa kuwa lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, mnara hauwezi kurefushwa bila kuimarishwa.

Kutafuta uvujaji

Uvujaji wa sehemu ya kwanza huonekana kwenye mita. Siku ambayo maji yanatoka, valvu ya kuingilia tangini hufungwa pamoja na koki zote zilizounganishwa moja kwa moja na bomba la mamlaka. Mita ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea kati ya mita na tangi, mara nyingi ardhini. Dalili nyingine ni udongo unaobaki na unyevu wakati wa kiangazi.

Uvujaji wa sehemu ya pili hautambuliki kwa kusoma mita wakati tangi halijazwi. Njia rahisi ni kufunga koki zote usiku, kuweka alama ya kimo cha maji ndani ya tangi na kuiangalia asubuhi. Kimo kikiwa kimeshuka, tangi la kuvutia choo hukaguliwa kwanza, kwa sababu maji yake huweza kuvuja bila sauti. Rangi kidogo ya chakula hutiwa ndani yake. Ikionekana kwenye bakuli la choo kabla ya kuvuta, mpira wa chini hauzibi vizuri.

Bomba likivuja kabla ya mita, taarifa hupelekwa DAWASA. Baada ya mita, matengenezo na gharama ni za mteja.

Hitilafu za kawaida

* Koki inayodondosha: mara nyingi washa ya mpira imechakaa. Valvu ya kuingiza maji hufungwa, koki hufunguliwa kwa spana na washa hubadilishwa. Tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku.
* Tangi kufurika: valvu ya boya imechakaa, imekwama kwa mchanga, au boya limetoboka na kuzama.
* Koki kutotoa maji wakati tangi limejaa: ikiwa tangi lilikauka kabla ya kujazwa, hewa imenaswa kwenye bomba. Koki zote hufunguliwa, kuanzia ya chini kabisa, hadi maji yatoke bila kukatika.
* Sinki kutopitisha maji: kona iliyo chini ya sinki hufunguliwa kwa mkono na kusafishwa, baada ya kuweka ndoo chini yake.

Tangi na afya

Mgawo wa maji una hatari isiyoonekana. Bomba likiwa tupu na lina ufa, maji machafu ya ardhini huweza kuingia. Pampu inayofyonza moja kwa moja kutoka bomba la mamlaka huongeza hatari hiyo, na pia huwanyima majirani maji. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulikumbusha uzito wa jambo hilo.

Kwa hiyo maji ya mwanzo baada ya mgawo humwagwa hadi yatakate. Tangi huoshwa mara kwa mara, tope la chini hutolewa, na klorini hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya kunywa huchemshwa au kutiwa dawa. Mfuniko lazima uzibe vizuri, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji yaliyohifadhiwa wazi.

Maji ya moto

Nyumba za Dar es Salaam hazihitaji kupashwa joto. Kinachotumika ni hita ya maji ya kuoga. Hita ya lita 50 hutumia takriban uniti 1.75 za umeme kupandisha joto la maji kutoka nyuzi 25 hadi 55. Hita isiwashwe kabla koki ya moto haijatoa maji, kwani elementi huungua ikiwa haina maji. Valvu ya usalama ikidondosha isizibwe, maana hita inaweza kupasuka.

Kazi ya fundi

Kubadilisha washa, boya au mpira wa choo ni kazi ya mwenye nyumba. Mabomba yanayounganishwa kwa joto na yale yaliyofukiwa ukutani humhitaji fundi bomba. Ufundi huo hufundishwa katika vyuo vya VETA. Shawa ya umeme inayomtetemesha mtu anapoigusa huzimwa kwenye swichi kuu na haitumiki tena hadi fundi umeme akague waya wa ardhi.