Deni la nyumba halimalizwi kwa kimya



Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Bidhaa huteketea kwa saa chache, lakini deni lililozinunua haliungui. Na wafanyabiashara wengi wa mitaa hii ya Msimbazi, Kongo na Swahili hukopa kwa kuweka rehani nyumba wanamolala watoto wao.

Tumekwisha kuletewa mashauri ya aina hii baada ya Swala ya Ijumaa, nayo hufanana. Biashara ilizorota, marejesho ya mwezi wa kwanza yakakwama, kisha ya pili. Baba akazipokea barua za benki, akazificha chini ya godoro kwa kuona haya. Mama akaujua ukweli siku dalali alipobandika tangazo la mnada ukutani.

Enyi ndugu, kimya hicho ndicho kiuzacho nyumba. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai amngoje mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mdai atamngojeaje mtu asiyemweleza dhiki yake?

Imepokewa kuwa Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.), sauti zao zikapanda. Mtume akamwashiria Ka'b apunguze nusu ya deni, naye akaridhia. Kisha akamwamuru mdaiwa ainuke akalipe. Hapa tunajifunza mambo mawili: mdai alegeze, na mdaiwa asikimbie.

Basi mwenye kukwama aende benki mapema, akiwa na hesabu zake mkononi, aombe marejesho yapangwe upya, na makubaliano yaandikwe. Aulize pia jumla ya deni itakuwa kiasi gani baada ya kuongezewa muda, kwani katika mkopo wa riba kila mwezi unaoongezwa huwa na bei yake. Aliyeingia katika riba na atubie. Toba hiyo haimwondolei wajibu wa kurejesha mtaji wa watu. Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, ni miongoni mwa zinazofuata misingi ya Kiislamu. Si vibaya kuuliza kama deni laweza kuhamishwa.

Sheria ya nchi nayo haikumwacha mdaiwa mikono mitupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya maandishi, na mdaiwa ana siku 60 tangu aipokee kabla nyumba haijaweza kuuzwa. Mnada wenyewe hutangazwa si chini ya siku 14. Muuzaji analazimika kutafuta bei nzuri inayowezekana. Ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, jambo ambalo akina mama wengi hawalijui. Malalamiko yasiyotatuliwa na benki yenyewe hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania. Mgogoro wa rehani una mahakama zake. Siku hizo 60 si za kulia wala za kuzunguka kwa waganga. Ni za kumwona mwanasheria, kuuza gari au kiwanja cha pembeni, au hata kuiuza nyumba yenyewe kwa hiari kabla ya nyundo ya dalali.

Nasi jamaa na majirani tusijivue. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki Zaka katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Abu Qatada alijitwika deni la maiti ili Mtume amswalie. Je, sisi tunashindwa kumchangia jirani aliye hai, ambaye tunaswali naye safu moja? Harusi tunaichangia mamilioni, na mwenye deni tunamsengenya.

Ewe baba, leo ukirudi kutoka msikitini, zitoe zile barua. Zisome pamoja na mkeo. Aibu ya siku moja sebuleni ni nyepesi kuliko watoto kulala barazani kwa watu.

Wabillahi tawfiq.