Kiini cha Mishmishi na Uongo wa Vitamini B17

Katika barua ninazoletewa mwezi baada ya mwezi, swali moja limerudi mara nyingi hata nimeona sina budi kulijibu hadharani, nalo ni hili: mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, ampe viini vingapi vya mishmishi kwa siku? Muulizaji hataki kujua kama viini hivyo ni dawa. Hilo amekwisha kulikatia shauri, na kilichobaki kwake ni kipimo tu. Juma lililopita bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniwekea mezani kopo alilolinunua kwa fedha nyingi, limejaa viini vya rangi ya hudhurungi vyenye umbo la chozi, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwamba hiyo ni vitamini B17, viliwe kumi asubuhi na kumi jioni. Mkewe alikuwa ameanza siku tatu kabla, akawa analalamika kichwa, kizunguzungu na kutapika, na muuzaji alipoulizwa akajibu kuwa huko ndiko kusafika kwa mwili. Nilimwambia asimpe hata kimoja tena, na ampeleke hospitali saa ile ile.

Nisidhaniwe kuwa adui wa kiini, maana sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi imepita katika kutafuta namna ya kuvitumia viini ambavyo viwanda huvitupa. Mishmishi (ndilo tunda ambalo wengine huliita aprikoti), fyulisi au pichi, plamu na cheri, yote yana kokwa ngumu, na viwanda vya jamu, vya juisi na vya matunda makavu huzibakiza kokwa hizo kwa malundo. Kule Malatya, Uturuki, ambako mishmishi huanikwa kwa wingi usio na mfano, kokwa husukumwa nje ya tunda kwa vidole, moja moja, kabla tunda halijakauka kabisa. Ndani ya kokwa mna kiini kilicho ndugu wa damu wa lozi, ambacho takriban nusu yake ni mafuta mazuri, na ambacho kina protini ya kutosha kukifanya chakula. Kukitupa ni israfu. Lakini mwenye kukitumia kwa akili huuondoa uchungu wake kwanza, ilhali mwenye kukiuza kama tiba huuza uchungu wenyewe, na hapo ndipo tunapoachana njia.

Uchungu huo ni wa nini? Nilimwonyesha bwana yule hapo hapo, dirisha likiwa wazi. Nilikikata kiini kimoja kikavu nikampa anuse, akasema hasikii kitu. Nikakiponda katika kinu kidogo, nikakinyunyizia matone ya maji ya vuguvugu, tukangoja kitambo, ikapanda harufu ya lozi anayoijua kila aliyewahi kusimama karibu na tanuri ya keki. Katika kiini kizima mna amigdalini, na mbali nayo kidogo mna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Kiini kikipondwa na kulowa viwili hivyo hukutana, na amigdalini huvunjika ikawa sukari, benzaldehaidi, ambayo ndiyo harufu ile, na sianidi. Sianidi huzizuia chembe za mwili zisiitumie oksijeni iliyoletwa na damu, hata mtu akawa kama anayezama majini ilhali mapafu yake yamejaa hewa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Muhogo mchungu una sumu ya ukoo huo huo, na watu wetu, kabla ya kuwapo maabara yoyote, walijua kuumenya, kuuloweka siku kadhaa, kuuanika makopa, ndipo wakausaga. Na pale ambapo njaa imewalazimisha watu kuifupisha kazi hiyo, kama ilivyotokea Kongo, maradhi ya konzo yamewapoozesha miguu watoto na wanawake. Sijapata kumsikia bibi akimwambia mjukuu wake aule muhogo mchungu mbichi kwa kuwa uchungu wake ni dawa.

Sasa tuitazame hiyo inayoitwa vitamini. Amigdalini ilitolewa katika lozi chungu na Wafaransa Robiquet na Boutron-Charlard mwaka 1830, na mwaka 1837 Liebig na Wöhler wa Ujerumani wakaeleza jinsi inavyovunjika. Ni kitu kilichojulikana zamani, kisichofichwa na daktari yeyote. Jina la vitamini lilikuja zaidi ya karne moja baadaye, kutoka kwa Mmarekani Ernst Krebs, aliyedai kuwa saratani ni upungufu wa vitamini. Vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa huugua, na hakuna kiumbe aliyepata kuugua kwa kukosa amigdalini. Alidai pia kuwa chembe za saratani pekee ndizo zenye kimeng'enya cha kuifungua sumu, na kwamba chembe zenye afya zina cha kuizima. Vipimo havikukubali: tishu zenye saratani na zisizo nayo hazitofautiani hivyo, na kwa mtu anayekula viini, kazi ya kuivunja amigdalini hufanywa na kimeng'enya cha kiini chenyewe na bakteria wa utumbo, sianidi ikaingia katika damu na kwenda mwili mzima, bighairi ya kuchagua.

Na wasemao kwamba haikujaribiwa kwa insafu wanasema uongo. Matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani yalitangazwa mwaka 1982: wagonjwa 178 walipewa amigdalini pamoja na lishe na vitamini zilizopendekezwa na watetezi wenyewe. Hawakuponywa, maisha yao hayakurefushwa, na baadhi yao walionyesha dalili za sumu ya sianidi. Ithibati gani tena inatakiwa?

Tuifanyie hesabu karatasi ya kopo lile. Gramu moja ya amigdalini ikivunjika yote hutoa miligramu 59 za sianidi. Kiini kichungu cha nusu gramu, kikiwa na amigdalini asilimia 5, kinaweza kutoa takriban miligramu moja u nusu, na viini ishirini miligramu thelathini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliamua mwaka 2016 kuwa mtu wa kilo 60 asizidishe miligramu 1.2 kwa mara moja, na kiwango cha kuua huanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, yaani, kwa mtu huyo huyo, miligramu thelathini. Aliyeiandika karatasi ile alimwandikia mgonjwa kiasi cha kifo, akakigawa asubuhi na jioni.

Nafasi inaniishia, basi niyaseme yenye manufaa upesi. Kokwa zioshwe na kukaushwa siku ile ile, maana zikibaki na nyama ya tunda huchacha, na ukungu ukiingia huleta sumukuvu. Zikivunjwa, mafuta yakamuliwe bila maji: amigdalini hubaki katika mashudu, na mashudu hayo yasipewe mifugo kabla ya kuondolewa sumu. Kiini cha kuliwa kichemshwe, kimenywe, kilowekwe katika maji ya moto yanayobadilishwa mara nyingi, na maji hayo yasimwagwe mtaroni. Ndivyo Wajerumani wanavyopata persipani, iliyo badala ya marzipani ya lozi. Maganda ni kuni nzuri, na hufanywa makaa ya kuchujia maji. Na wenye viwanda vya juisi Kilifi, Makueni na Mkuranga wasingoje mishmishi: kiini cha embe hakina balaa kubwa kama hili, kina mafuta asilimia 7 hadi 15 ya uzani wake mkavu, na sheria ya chokoleti ya Ulaya ya mwaka 2000 inayataja mafuta hayo miongoni mwa aina sita zinazoruhusiwa kuongezwa, mradi zisizidi asilimia 5. Kikaushwe haraka tu, kabla mafuta hayajaharibika.

Mwenye mgonjwa ampeleke hospitali na kumweleza daktari kila anachompa, bila kuficha. Na mwenye kopo kama lile nyumbani aliondoe leo, kwa kuwa kwa mtoto mdogo hata kiini kimoja kinaweza kupita kiasi cha salama.