MHANGA ASIYE NA SARE

Ndugu askari, kwa mlinzi wa lango katika Zone Industrielle ya Bujumbura, gogo ni mali ya kupasuliwa mbao, basi. Huko Makerere, Uganda, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, gogo limefanywa shahidi. Katika miaka ya 1980, vita vya Luwero vikiendelea kuteketeza raia, Francis Nnaggenda alichonga sanamu aliyoiita «Mhanga wa Vita». Imewekwa katika maktaba kuu ya chuo kikuu, wala haikufichwa: jitu la mti, viungo vimekatika, lakini limesimama. Halina sare wala cheo. Je, alikuwa askari au raia? Sisi tuliofunzwa kumtambua mtu kwa vazi lake, hapo hatuna pa kuanzia.