Kumlinda Anayejitolea

Kawempe, mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, inasimama juu ya mabega ya watu wasio na mshahara. Mvua ikileta mafuriko katika mtaa wake wa Bwaise, huitishwa bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya jamii, watu wazibue mitaro, na lazima awepo wa kuwakusanya. Mtu akifiwa, kikundi cha munno mukabi, yaani cha kusaidiana wakati wa shida, huleta masufuria na michango, na lazima awepo mweka hazina anayejua nani ametoa na nani bado. Timu za afya za vijiji, zilizoanzishwa mwaka 2001, hupita nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, husuluhisha ugomvi na kuandika barua za utambulisho kwa posho isiyotosha hata nauli. Desturi hii ya kujitolea ni utajiri mkubwa, lakini ina pengo: inamdai kiongozi mengi bila kumkinga na matusi.

Pengo hilo lilionekana Aprili 2020, serikali ilipoanza kugawa chakula Kampala wakati wa karantini ya korona, kilo 6 za unga na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Kiasi hicho kilipangwa juu, lakini lawama za kupendelea na kuruka nyumba ziliwaangukia viongozi wa vijiji, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu.

Wapo watakaosema kwamba baadhi yao hula rushwa, hata muhuri wa barua wanauuza, hivyo kuwalinda ni kuwafunika wezi. Hoja hiyo ina uzito. Kati ya 2001 na 2018 hapakuwa na uchaguzi wa LC1 nchini Uganda. Mlango wa kumwajibisha kiongozi ulifungwa kwa miaka 17. Lakini tuangalie matusi yanamwondoa nani. Mla rushwa huyavumilia, maana ana faida anayoilinda. Anayekata tamaa na kujiuzulu ni mwaminifu, ambaye heshima ndiyo malipo yake pekee. Kwa hiyo mtaa unaomtukana kila kiongozi hujichagulia wabaya wenyewe.

Dawa ni kuhoji kazi mahali pake na kuiacha salama nafsi ya mtu. Baraza la kijiji ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Hapo ndipo hesabu zisomwe na malalamiko yaandikwe. Vikundi vya kuweka akiba huwatoza faini wanaochelewa mkutanoni; vinaweza pia kumtoza anayemtukana mweka hazina au kumfuata nyumbani usiku. Wasemao kwamba kanuni huua uhuru wa kusema waitazame jumuiya ya programu huria ya Linux, ambayo nayo ina watu wa kujitolea: mwaka 2018 ilipokea kanuni za mwenendo, na mijadala mikali ya kiufundi inaendelea hadi leo. Kawempe ina mabaraza na faini tayari. Kilichobaki ni kukubaliana kwamba utu wa anayetumikia ni mali ya mtaa mzima, na anayeuvunja anawajibika kwa mtaa mzima.