Picha yako ni KB ngapi? Pima kabla hujaisevu

Mnalijua hili: uko intaneti kafe unajaza fomu ya maombi, siku ya mwisho ni leo, unafika kwenye picha inakataa. Isizidi KB 100. Unapunguza, unasevu, unacheki, bado KB 130. Unarudia, na dakika ulizolipia zinakatika.

Kwa anayejifunza kuandika programu, kazi hiyo iachie kompyuta. Ila angalia hesabu. Wengi huzidisha upana kwa urefu. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, kila pikseli baiti 3, ni baiti milioni 36. Hiyo ni nafasi inayokula kwenye memori ikishafunguliwa, siyo ukubwa wa faili la JPEG.

JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kipande chenye rangi moja hubanwa sana, chenye mambo mengi hubanwa kidogo. Ndo maana picha ya anga tupu la Handeni huwa nyepesi kuliko ya shamba la mkonge Korogwe, hata kama vipimo ni vilevile. Kwa hiyo ukubwa kamili huwezi kuupigia hesabu mapema. Ibane kweli, lakini ndani ya memori, bila kugusa diski. Kwenye Python, ukiwa na Pillow:

import io
from PIL import Image

picha = Image.open("mimi.jpg").convert("RGB")
for ubora in range(90, 30, -5):
    boksi = io.BytesIO()
    picha.save(boksi, "JPEG", quality=ubora)
    if boksi.tell() <= 100000:
        with open("ndogo.jpg", "wb") as f:
            f.write(boksi.getvalue())
        break

Hapo BytesIO ni kama faili, ila linakaa kwenye memori. tell() inakwambia zimeandikwa baiti ngapi. Wa Java mnayo ByteArrayOutputStream na size() yake, wa C# mnayo MemoryStream na Length.

Zingatia mambo matatu. Boksi liwe jipya kila mzunguko, la sivyo baiti zinalundikana na jibu linakuwa la uongo. Kila mara anza na picha ya mwanzo, maana ukibana iliyokwisha kubanwa sura inazidi kuharibika. Na kama ubora umeshuka hadi 35 bado inazidi, usiendelee kuukamua: punguza kwanza upana na urefu, halafu rudia.

Programu ikishakubali, fomu inaondoka mara moja na hela yako inabaki mfukoni. Mwenye njia fupi zaidi aimwage hapo chini. Tuko pamoja!